Barua kwa mwanangu: dakika 45

Majengo, Moshi
Jumanne jioni

Mwanangu,

Marahaba ya shikamoo yako ya Jumapili. Sisi hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua kwa hii baridi, bibi yako huko mgombani anakula na kulalamika kama kawaida, kwa hiyo ni mzima. Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unaniambia "sawa mzee" kabla sijamaliza hata nilichoanza.

Meseji uliyomtumia mdogo wako nimeiona. Usimgombeze, hakunionyesha kwa ubaya, alikuwa anajisifia kaka yake. "Arusha Moshi dakika 45," kwa hiyo pikipiki yako kubwa, na vile vikatuni vya moto mwishoni. Mimi ni muuza spea, si mwalimu wa hesabu, lakini kugawanya najua. Kilomita 80 kwa dakika 45 ni wastani wa kama 107 kwa saa. Wastani, mwanangu. Ndani ya huo wastani kuna Usa River, kuna Kikatiti, kuna matuta na rasta, kuna vibao vya 50, kuna Boma Ng'ombe na watu wake wanaovuka bila kuangalia, kuna malori yanayojikongoja mteremko wa Kikafu. Ukiondoa kote ulikolazimika kushuka mpaka 40, huko kwingine ulikuwa unakwenda 150, na pengine zaidi. Nipigie uniambie nimekosea hesabu. Nitafurahi sana kukosea.

Sisemi hujui kuendesha. Fundi wangu alikuona unaingia uani ile Jumamosi, akasema hajaona kijana anayeshusha gia kwa utulivu kama wewe. Nilijifanya sijasikia, lakini nilisikia. Tatizo si wewe kujua.

Usiku ule ulipolala nilichukua tochi ya simu nikaenda kuliangalia lidude lako. Usikasirike, mtu wa spea hawezi kulala na pikipiki ngeni uani kwake. Tairi la nyuma katikati limelika likawa bapa, nilipitisha kiganja kikaenda moja kwa moja bila kupanda wala kushuka. Pembeni, huku na huku, kuna ukanda wa upana wa vidole viwili ambao haujawahi kugusa lami. Vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado vimesimama. Kwa hiyo hata hizo kona unazowasimulia wenzako hulali nazo. Unanyooka, unafungua mafuta, unafunga, unafungua tena. Halafu nikatafuta zile namba nne ubavuni: 2315. Wiki ya 23 ya mwaka 2015. Wewe uliangalia halijawa kipara ukaridhika. Mpira uliokaa miaka yote hiyo unakauka na kuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami, hasa asubuhi za hapa kabla tairi halijapata moto. Aliyekuuzia alijua. Kama ungenipigia kabla hujatoa hela ningekwambia hayo kwa dakika mbili, lakini siku hizi baba anajulishwa kwa picha, tena picha yenyewe imeletwa na mdogo wako.

Basi nikasoma. Unajua nikianza kusoma kitu sikiachi. Boxer 150, hii ya bodaboda, ina hospawa kama 12. Hiyo Yamaha R1 yako ya 2009 kiwandani waliiandikia 182, na uzito wake ikiwa imejazwa mafuta ni kilo 206. Nguvu ni mara kumi na tano ya Boxer, uzito haujafika hata mara mbili. Gia ya kwanza peke yake inapita 140. Kwenye makazi ya watu sheria inasema 50. Yaani toka hapa mpaka Sakina huko Arusha, kila kijiji unachopita, huna sababu hata moja ya kuingiza namba mbili. Sasa hizo gia nyingine tano ulinunua za nini?

Na hiyo nguvu yenyewe haikai chini. Iko kule juu kwenye mizunguko 12,500 kwa dakika. Kwenye 50 inakoroma tu, inakuunguza mapaja kwa zile ekzosi zilizopita chini ya kiti, inakuelemea viganja kwa vile umeinama. Ndiyo maana nasema raha yake inaanzia pale barabara yetu inapoishia. Fikra ya ile injini waliitoa kwenye pikipiki ya mashindano ya Yamaha, ile aliyokuwa anaendesha Valentino Rossi, kwenye uwanja ambao hakuna mtu anayetoka kichochoroni na ndoo ya maziwa.

Huyo mtu wa ndoo ya maziwa ndiye anayeninyima usingizi, na nitamrudia mpaka umchoke.

Tuseme ni pale Kikatiti. Mtu yuko kwenye njia ya vumbi na toyo yake, anataka kuvuka. Anatazama kulia, anaona taa moja iko mita 100. Kwake yeye taa moja ni bodaboda. Toka azaliwe taa moja imekuja kwa mwendo wa 50. Kwa mwendo huo ana sekunde saba, anavuka na bado anapata nafasi ya kukupungia mkono. Wewe unakuja na 150. Hana hata sekunde mbili na nusu. Hajafanya kosa lolote la ajabu, amekupima kwa kipimo anachokijua. Na wewe, hata ukikamata breki kama walivyokufundisha, lami kavu, tairi jipya (si hilo lako), kutoka 150 unahitaji karibu mita 100 mpaka usimame, na kabla mkono haujafika kwenye breki umeshakula mita 40. Mwendo ukizidi mara tatu, umbali wa breki peke yake unazidi mara tisa. Hayo si maneno ya mzee mwoga, ni fizikia, na fizikia ulipata B nikakuchinjia jogoo.

Utaniambia bodaboda ndizo zinazojaza wodi, si pikipiki kubwa. Kweli, nami ndiye ninayewauzia pedi na cheni, nawajua kwa majina, na wengine sijawaona tena dukani. Lakini Boxer inakukatalia. Ukiivuta mpaka mwisho na abiria nyuma, mahali fulani inaanza kutetemeka na kulia, inakuomba uipumzishe, utake usitake unapunguza. Hii yako haikatai kitu. Umegombana na bosi, haikatai. Umeona Noah inakuchomekea pale Maji ya Chai na damu imechemka, haikatai. Kifundo cha mkono kikisogea kidogo tu umeshatoka 60 uko 120, wala hukukusudia. Mtu anahitaji kitu kitakachomwambia hapana mara mojamoja. Wewe hasa.

Breki zako ni nzuri kuliko za Boxer, hilo nakubali bila ubishi. Lakini ya mwaka wako haina ABS, ile inayozuia tairi lisigande ukikamata breki ghafla. Zile za 2015 kuendelea zina kifaa kinachopima pikipiki imelala kiasi gani na kupunguza nguvu tairi likianza kuteleza. Yako haina. Mdogo wako kanieleza kwamba kuna kitufe, ukiweka B inakuwa mpole. Inakuwa mpole mkononi tu, injini ni ileile. Na yule wa Kikatiti hajui umeweka B au A.

Huko Ulaya wenyewe, wanakozinunua hizi kwa wingi, kijana wa miaka 20 hapewi moja kwa moja leseni ya kitu kama hiki. Anapewa ya pikipiki isiyozidi kilowati 35, hospawa 47 hivi, akae nayo kwanza. Na hata viwanda viliwahi kujishtukia. Suzuki walipotoa Hayabusa mwaka 1999 ikapita 300, kelele zikawa nyingi, viwanda vikakubaliana vikomee 299. Nilicheka peke yangu dukani. Ni sawa na mimi kuweka sheria ya harusi kwamba mlevi asizidi kreti tisa. Lakini angalau waliona aibu.

Mama yako ana maneno yake. Anasema kama ile pikipiki yangu ya DT ningekuachia ulipomaliza fomu foo badala ya kuiuza, kiu hii ungeimalizia mashambani ukiwa na miaka 19, ukaanguka kwenye majani ya migomba ukainuka. Mimi sikubaliani naye, DT ililipa ada ya dada yako na anajua. Nimeandika tu ili ujue kasema.

Ninachotaka ni kwamba uiuze kabla ya Desemba. Kwa nini Desemba unajua mwenyewe: watu wote wa Dar wanarudi, barabara imejaa magari ya madereva waliokesha, kila mmoja anataka kufika kabla nyama haijaisha. Nasikia mna mpango wa kuja wengi kwa msafara, pikipiki kubwa sita au saba. Hapo ndipo sitalala kabisa. Mtu akiwa peke yake ana akili zake, wakiwa saba anakuwa na akili ya yule aliye mbele. Ukitaka pikipiki kubwa zipo zile ndefu wanazopanda watalii, za silinda moja, matairi ya vumbi. Unakaa wima, unaona mbali, unapanda nayo Kibosho hadi mlangoni kwa bibi. Hiyo R1 ilishindwa hata kona ya pale kwa fundi seremala, usukani haukati, ukaishia kuisukuma kwa miguu mbele ya majirani. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini.

Mdogo wako asipande nyuma. Hili halina mjadala. Kile cha nyuma si kiti, ni kipande cha sponji. Ameshaanza kuniuliza bei ya helmeti.

Nawe hilo la kioo cheusi usilivae usiku. Tena mkanda wake uufunge, usiuache unaning'inia kama wale wa stendi.

Nimeulizia tairi. 190/55-17. Mimi kubwa la nyuma ninalouza ni 3.00-17, na saizi yako Moshi hakuna mwenye nayo. Kuna mtu Dar anaweza kuleta, bei yake naona haya kuiandika kwenye karatasi. Nitalipa nusu. Usione ni kukubali, bado nasema uza, na mnunuzi mwenye akili ataangalia zile namba nne kama nilivyoangalia mimi. Mpaka tairi lifike panda Coaster. Cheni nayo ilikuwa imelegea, niliikaza usiku uleule, labda hata hukugundua.

Mambo ya nyumbani. Ng'ombe wa bibi kazaa dume, bibi kakasirika kama vile sisi ndio tulioamua. Bati la jiko lake limeng'oka upande wa mfongo, ule mfereji wa maji, fundi anataka laki na ishirini na mbao juu yake. Dada yako ametuma elfu 50, wewe angalia unavyoweza, lakini usiniambie huna na huku unajaza petroli ya lita 18. Kahawa tumechuma mara moja, iliyobaki bado kijani. Zamu yetu ya maji imehamishiwa Alhamisi usiku, kwa hiyo Alhamisi usinipigie, nitakuwa shambani na mtandao kule ni wa kubahatisha. Mwenyekiti wa mtaa anaulizia ule mchango wa harusi ulioahidi mbele za watu. Mimi sikukutuma uahidi.

Ndizi anazokuletea dereva ni mshare, bado mbichi. Mkungu mdogo ni wa shangazi yako wa Sakina, umpelekee kesho hiyohiyo, mara ya mwisho alipata vichane viwili akanipigia mimi. Maziwa ya mgando yako kwenye lile dumu la bluu, yaweke kwenye friji usiku huohuo. Gunia nalihitaji, ni la dukani, mpe dereva huyohuyo Ijumaa anaporudi. Ukipata nafasi njoo nalo mwenyewe, kwa Coaster.

Baba yako