Kifaa kiko kichwani mwa baba, rimoti ishikwe na nani?

Ndugu Mhariri,

Sisi ni mafundi wa vifaa tiba na wauguzi tunaofanya kazi Mbeya na Iringa. Tunaandaa karatasi ya maelekezo, kurasa mbili tu, kwa familia zenye mgonjwa aliyewekewa kifaa ubongoni au anayejiandaa kwenda kuwekewa. Sehemu ya utunzaji haina shida. Tumekwama kwenye sehemu ya siri: nani ajue nini, na nani ashike nini. Tunaomba ushauri, hasa kwa wanasheria, madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, na familia zenyewe.

Kwanza tuondoe hofu moja. Ukitaja kifaa cha ubongoni pale Mwanjelwa, wengi watakumbuka kile cha Neuralink, kampuni ya Marekani, alichowekewa mtu wa kwanza Januari 2024, chenye elektrodi (vituo vidogo vya kunasa au kupitisha umeme) 1,024 kwenye nyuzi 64, na watauliza kama mawazo yao yatasomwa. Kile hunasa ishara za seli zinazoamuru mkono usogee, kompyuta ikazitafsiri na kusogeza mshale kwenye skrini. Bado kiko kwenye majaribio. Ni kweli kwamba mwaka 2025 watafiti wa Stanford walionyesha kuwa maneno ambayo mtu anayasema moyoni, bila kufungua mdomo, yanaweza kunaswa kwa kiasi fulani. Lakini hao hao waliweka kufuli: mtu afikirie kwanza maneno maalumu ndipo mashine ianze kusikiliza. Mgonjwa wa Njombe anayerudi kutoka India hana kifaa cha namna hiyo. Ana cha kutuliza mtetemeko wa mwili unaoletwa na ugonjwa wa Parkinson, na siri yake huvuja kwa njia za kawaida kabisa, ndiyo maana hakuna anayeziangalia.

Kifaa hicho kina sehemu tatu. Waya wenye unene wa milimita 1.27, wenye elektrodi nne au zaidi kwenye ncha, huzama ndani ya ubongo. Waya wa kuunganisha hupita chini ya ngozi nyuma ya sikio hadi kifuani. Betri na mtambo wa kutoa mipigo ya umeme, mara nyingi kama 130 kwa sekunde, hulazwa chini ya mtulinga. Mgonjwa hupewa rimoti, siku hizi nyingine zina umbo la simu, ya kuwasha, kuzima, na kuongeza au kupunguza umeme ndani ya mipaka aliyoweka daktari. Vya zamani viliishia hapo. Baadhi ya vilivyotoka tangu 2020 vinasikiliza pia: vinapima nguvu ya mawimbi ya ubongo, vinaandika wastani wa kila dakika 10 na kutunza hadi siku 60. Mgonjwa akibonyeza kwamba amemeza dawa au ameanguka, tukio linaandikwa pamoja na saa yake.

Sasa chukua rekodi hiyo uisome kwa jicho la mtoto anayelipa. Anaanza kumuuliza mzee kwa nini juzi hakubonyeza kitufe cha dawa, na ilikuwaje usiku ule. Na huku kwetu anayelipa si mtu mmoja. Safari ya India inatoka kwenye kikao cha ukoo na kundi la michango la WhatsApp, na kundi linataka uthibitisho. Kwa hiyo kadi ya kifaa inapigwa picha, pande zote mbili: jina la mgonjwa, aina ya kifaa, namba yake, jina la daktari. Picha ikishafika kwa watu mia mbili haifutiki. Msimamo wetu ni kwamba mchango hununua matibabu, haununui rekodi za ubongo wa mtu. Kundi lioneshwe ankara ya hospitali, namba ya kifaa ikiwa imezibwa, basi. Je, kuna ukoo uliokubaliana hivyo bila ugomvi? Mlilisemaje kikaoni?

Rimoti ni ngumu zaidi. Hatuwezi kuandika kwamba ni ya mgonjwa peke yake, kwa sababu kifaa kikizimika ghafla mwili unaweza kukakamaa, na katika hali mbaya mtu anashindwa hata kumeza. Lazima awepo mtu wa pili anayejua kukagua kama kimewaka. Tumependekeza mgonjwa amchague mwenyewe, kwa maandishi, kabla ya upasuaji. Tatizo linakuja baadaye. Umeme ukilenga sehemu fulani za ubongo au ukizidi, baadhi ya wagonjwa hubadilika tabia: matumizi ya pesa ya ovyo, hasira za haraka, uchangamfu uliopita kiasi. Mke ndiye huona kwanza, na mume huwa wa mwisho kukubali. Atasema hajawahi kujisikia vizuri kama sasa. Mke akipunguza umeme kwa siri usiku, amemtibu au amemwingilia? Sisi tumeandika "asiguse, apige simu kwa daktari". Ila daktari yuko Chennai, India, na tunajua kabisa kuwa maelekezo hayo ni dhaifu.

Kuna wanaoamua kuficha kila kitu. Hao tunawaonya kwa herufi nyeusi, kwa sababu siri ya namna hiyo inaua. Mtu mwenye maumivu ya bega akienda kwa mtaalamu wa viungo bila kusema, akawekewa mashine ya kupasha joto misuli ya ndani, yaani diathemi, nishati husafiri kwenye waya na kuunguza ubongo kwenye ncha za elektrodi. Madhara hayo hayarudi nyuma. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, nayo ina masharti yake kulingana na aina ya kifaa, na daktari wa upasuaji anayetumia kisu cha umeme lazima ajue. Kwa hiyo kadi ikae kwenye pochi siku zote, aoneshwe anayemtibu.

Mwajiri je? Hapa tumegawanyika wenyewe kwa wenyewe. Kipo kifaa cha kifafa kinachokaa kwenye fuvu, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2013, ambacho hutambua mawimbi yasiyo ya kawaida na kuyazima. Kinaweza kuandika matukio mamia kwa siku, na mengi si degedege. Mgonjwa wala hayahisi. Bosi wa malori akiona "300" atamfukuza dereva siku hiyo hiyo. Tunashauri namba ghafi isitoke kamwe, itoke barua ya daktari inayojibu swali moja: anafaa kuendesha au hafai? Lakini mwenzetu mmoja anauliza, na hana kosa: dereva akiificha hata hiyo barua, huku lori la tani 30 linashuka mteremko wa Kitonga, muuguzi anayejua anyamaze?

Kisheria tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti, ila mawimbi ya ubongo hayakutajwa kwa jina. Chile ilibadilisha katiba mwaka 2021 kwa ajili ya jambo hili, na mwaka 2023 Mahakama yake ya Juu iliamuru kampuni moja ifute taarifa za ubongo za mteja. Sheria yetu inaweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Swali kwa wanasheria: mgonjwa wa Mafinga ambaye taarifa zake zimepakuliwa kwenye kliniki ya India, akitaka zifutwe, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoko hapa inaweza kumsaidia, au aandike kule kule?

Jambo la mwisho, na hili tumelipa mstari mmoja tu kwenye karatasi ingawa linastahili zaidi: kampuni ikifa. Watu zaidi ya 350 duniani waliowekewa jicho la kielektroniki la Argus II walibaki bila msaada wa kiufundi baada ya kampuni kuacha bidhaa hiyo. Betri isiyochajiwa ya kifaa cha Parkinson hudumu kama miaka mitatu hadi mitano. Fomu za ridhaa tunazoziona zinaeleza upasuaji kwa urefu, kisha hazisemi nani atalipia betri ya pili, wala rekodi za kifaa zitakwenda wapi mgonjwa akifariki. Mwenye fomu inayoyasema hayo kwa Kiswahili atutumie nakala kupitia kwako, Mhariri.

Mafundi vifaa tiba na wauguzi,
Mbeya na Iringa