Mama wa Maharagwe

Bukavu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kwa nini dunia inawalilia wengine, sisi inatuhesabu tu, na kwamba hata wenzako wa Lubumbashi hawajawahi kusikia Nyamukubi, kijiji kile cha Kalehe kando ya Ziwa Kivu, huku mashariki mwa Kongo. Hasira hiyo naijua.

Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko kule. Mvua ikanyesha, mito ikashuka na mawe, ikafagia Nyamukubi na kijiji jirani cha Bushushu. Waliokufa walipita 400, wengine wengi hawakuonekana tena. Jumamosi watu wakiwa bado wanachimbua tope, kila televisheni niliyopita hapa mjini ilikuwa inaonyesha Mfalme Charles akivikwa taji London.

Mwezi uliofuata kile chombo cha kuzamia, Titan, kilichokuwa kinashuka kutazama mabaki ya meli ya Titanic, kikapotea baharini na watu 5. Siku 4 kabla yake ilikuwa imezama meli ya wahamiaji karibu na Ugiriki, na mamia ya watu ndani. Nani aliwataja? Lakini wale 5 tulipewa majina yao na picha zao, tukaambiwa wana hewa ya saa 96, na sisi hapa Bukavu tukazihesabu: kwenye teksi, sokoni, hata nje ya kanisa. Kumbe mtu humlilia yule aliyekuwa akimngoja. Nyamukubi hapakuwa na wa kungojwa. Habari ilitufikia ikiwa tayari ni hesabu.

Tena sisi tumekuwa kama nyumba yenye kilio kila wiki. Jirani anakuja mara ya kwanza, analala kwenye matanga. Mara ya kumi anatoa pole mlangoni na kuendelea na safari. Simlaumu sana. Jumatatu ile ya tarehe 8 Mei, siku ya maombolezo ya taifa kwa ajili ya Nyamukubi na Bushushu, mimi mwenyewe nilitandika meza yangu ya biashara soko la Kadutu kama kawaida.

Sasa sikiliza kilichonifunga mdomo. Kule Nyamukubi kulikuwa na mama aliyenipimia maharagwe miaka 6. Akishapima alitia kiganja kimoja juu, halafu anaangalia pembeni kana kwamba hakufanya kitu. Alikuwa sokoni Alhamisi ile.

Vijana wa kanisa wakapita na daftari, wanaandika marehemu wa kuombewa kwenye misa. Nikamwambia mmoja, andika Mama wa Maharagwe. Akaniangalia, kalamu imesimama.

"Jina lake, mama?"

Miaka 6, mwanangu. Mtoto wake mdogo nilimjua mpaka rangi ya kandambili zake.

Akaandika hivyo hivyo. Jumapili likasomwa kati ya majina ya watu, na mtu nyuma yangu akacheka kidogo.

Nimesikia dada yake bado anauza pale. Ukija likizo tupande boti pamoja, mimi peke yangu naogopa kumuuliza. Njoo na sweta, usiku ziwani kuna baridi.

Mama yako