Goti la Kulia

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sote wazima, babu yako anakusalimia, na karafuu za mwanzo zishaanza kuanikwa. Nakuandikia kwa sababu ya lile neno ulilonambia juzi kwenye simu, kwamba goti halijavimba wala haliumi, basi huna haja ya kwenda kupigwa altrasaundi. Nilinyamaza, sikutaka tugombane. Lakini usiku ule sikulala.

Ulipotahiriwa ulikuwa na miaka minne. Wenzio walikauka, wewe damu ikachuruzika siku tatu, watu wakasema ni jicho. Mjomba wangu naye alifariki kijana, kwa jino lililong'olewa tu, na hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili mpaka tulipovuka bahari kwenda Dar es Salaam, damu yako ikapimwa, tukaambiwa himofilia A. Mwili wako hautengenezi ya kutosha ile fakta ya 8, protini inayosaidia damu kuganda. Tukaambiwa pia kuwa mara nyingi ugonjwa huu hupitia kwa mama. Neno hilo nimelibeba kifuani miaka yote, na leo ndiyo mara ya kwanza kukwambia.

Goti la kushoto unalijua, ndilo lililokuwa likikuliza usiku. Mimi nataka ulikumbuke la kulia, ambalo halikuwahi kuvimba hata siku moja. Daktari alikulaza, akakupaka jeli ya baridi ukashtuka, akapitisha kile kidude kwenye magoti, vifundo vya miguu na viwiko, kwa kuwa humo ndimo damu huvuja zaidi. Nilisimama nyuma yake. Alipofika goti la kulia akaisimamisha picha, akaniita. Mfupa ni ule mstari mweupe, akasema. Ukanda mweusi juu yake ni gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha ya mfupa. Na hapa pembeni ni utando wa ndani ya kiungo. Utando ulikuwa umenenepa. Alipowasha rangi vikatokea vidoa vyekundu, ishara kwamba damu inapita hapo kwa wingi na utando umevimba kwa ndani.

Damu yaweza kuvuja kidogo kidogo bila mwenyewe kusikia maumivu. Chuma kilichomo kwenye damu hubaki katika utando, utando ukanenepa na kuota vijishipa vipya, na hivyo vijishipa ni vyepesi kupasuka. Damu ikavuja tena. Mwisho gegedu hulika, na gegedu likishalika halirudi, baba.

Eksirei ya goti hilo hilo ilikuwa safi. Niliishika kwa mikono yangu. Eksirei huonyesha mfupa, na mfupa huchelewa kuharibika. MRI, kile kipimo cha sumaku, huona zaidi, hata kule ndani ambako altrasaundi haifiki, lakini ni ghali, na mtoto hulazimika kutulia tuli muda mrefu. Altrasaundi humaliza viungo vyote sita kwa kikao kimoja, nawe unaongea. Zile alama kwenye daftari lako zatokana na utaratibu uliotolewa mwaka 2013, uitwao HEAD-US: kila kiungo hupewa alama kuanzia 0, yaani kizima, hadi 8 kwa hali ya utando, gegedu na mfupa. Goti lako la kulia lilipata 1. Hiyo 1 ndiyo iliyomfanya daktari abadilishe mpango wa sindano zako za kukinga damu isivuje, na ulipopimwa tena utando ulikuwa umepungua. Tungengoja liume, tungekuta nini?

Sasa mwaka wa pili umepita hujapimwa. Unapanda ngazi za chuo kila siku, na nasikia unacheza mpira jioni. Sikukatazi kutembea wala kuogelea, misuli yenye nguvu hulinda kiungo, lakini mpira wa kugongana miguu hapana. Na ukiumwa meza paracetamol. Usiguse aspirini wala diclofenac, maana huzidisha kuvuja damu.

Nimekutumia nauli ya boti ya kwenda Dar na kurudi, ni ya karafuu za babu yako, naye katoa kwa moyo. Chukua lile daftari walinganishe na alama za zamani. Vaa suruali pana inayokunjika mpaka juu ya goti, na waombe waanze na la kulia.

Wasalaam,
Mamako