Betri za roboti zisichajiwe usiku bila mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu na wasimamizi wa klabu za roboti. Betri za lithiamu zimechukua nafasi ya betri kavu katika seti nyingi za kufundishia, lakini mazoea ya kuzitunza hayajabadilika: kipindi kikiisha zinatupwa kwenye boksi pamoja na nyaya na bisibisi, jioni zinachomekwa kwenye chaja, mlango unafungwa, watu wanakwenda zao. Roboti inayozunguka sakafuni mbele ya darasa zima hainitii hofu sana. Chaja inayofanya kazi usiku peke yake ndiyo ya kuogopa.

Seli ya kawaida ya lithiamu-ayoni imejaa ikifika volti 4.2. Ukiendelea kuichaji, lithiamu huanza kuganda kama metali kwenye grafaiti (kaboni ya upande hasi wa seli), kimiminika cha ndani huoza na kutoa gesi, joto hupanda, na likipita kiasi seli hujipasha yenyewe hata ukichomoa chaja. Pakiti ya seli tatu, ile iliyoandikwa volti 11.1, hujaa kwenye 12.6. Lakini jumla hiyo hudanganya. Seli mbili zikiwa na 4.1 na ya tatu 4.4, mita bado itasoma 12.6, na hiyo ya tatu iko hatarini. Kwa hiyo pakiti isiyo na saketi ya ulinzi ndani yake ichajiwe kwa chaja ya kusawazisha, yaani inayopima kila seli na kuzilinganisha volti, na ile plagi ndogo yenye nyaya nne nyembamba ichomekwe kila mara. Wapo wanaoiacha kwa kuwa betri "inajaa tu". Inajaa kweli, ila hujui seli ipi imejaa kupita wenzake.

Ampea nazo ziangaliwe: betri ya miliampea-saa 2200 ichajiwe kwa ampea 2.2 au chini, isipokuwa mtengenezaji ameandika vingine. Aina ya betri kwenye skrini ya chaja isomwe kwa sauti kabla ya kubonyeza. Betri ya lithiamu yenye fosfati ya chuma hujaa kwenye volti 3.65 kwa seli, wala haistahili 4.2.

Kuishiwa chaji nako kuna mtego wake, na hausemwi sana. Roboti izimwe seli zikifika volti 3.3 hivi, kengele ndogo ya volti inayochomekwa kwenye plagi ya kusawazisha itawakumbusha. Swichi ikisahauliwa Ijumaa, kufikia Jumatatu seli zinaweza kuwa zimeshuka mno, shaba iliyomo ndani imeanza kuyeyuka, na ukizichaji tena shaba hiyo huganda pasipotakiwa na kupiga shoti ndani kwa ndani. Chaja nyingi huikataa betri ya namna hiyo. Hapo ndipo mjuaji wa darasa huiweka kwenye mpangilio wa betri za nikeli kwa dakika chache "kuiamsha". Ujanja huo ukomeshwe. Chaja ilikuwa sahihi.

Kabla ya likizo, kila seli ibaki na volti 3.8 hivi, yaani takriban nusu ya chaji; chaja nyingi zina mpangilio wa kuhifadhi. Betri iliyojaa huzeeka haraka, na ikishika moto huwaka vikali zaidi. Ziwekwe kwenye sanduku la chuma lisilofungwa kabisa, maana gesi ikikosa pa kutokea sanduku hupasuka. Ncha za betri zifunikwe, na seli za mviringo za ukubwa uitwao 18650 zikae kwenye vibebeo vya plastiki: ufunguo mmoja tu mfukoni watosha kupiga shoti. Iliyovimba haitobolewi, haibanwi, wala haichajiwi tena. Ipelekwe nje, kisha mahali panapopokea betri chakavu.

Moshi ukianza, watu watoke kwanza, kwani una gesi zenye sumu, ikiwemo haidrojeni floraidi. Mchanga huzuia cheche lakini haupozi seli. Kinachopoza ni maji mengi, baada ya kukata umeme wa ukutani. Katazo la maji linalosemwa sana linahusu metali ya lithiamu, na betri hizi za kuchajiwa zikiwa nzima hazina kiasi cha maana cha metali hiyo. Hata moto ukizimika, betri ibaki nje ikiangaliwa, kwa sababu inaweza kuwaka tena saa kadhaa baadaye.

Ombi langu kwa kila klabu ni maltimita moja na daftari moja. Kila betri ipewe namba. Wanafunzi waandike tarehe na volti za kila seli kabla na baada ya kuchaji. Seli ikitofautiana na wenzake kwa zaidi ya volti 0.1 hata baada ya kusawazishwa, pakiti hiyo istaafishwe.

Mwalimu wa elektroniki