Kadi yako ya hoteli na Kicheki chake

Brno, Jamhuri ya Cheki, Septemba

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata pamoja na picha ya kadi ya hoteli. Nimefurahi kusikia wamekuhamishia upande wa masaji na bwawa, maana mapokezi yalikuwa yanakumaliza miguu. Bi Mkubwa msalimie sana, mwambie huku baridi imeanza kupiga hodi ila koti zito bado liko kabatini.

Sasa tuje kwenye kazi uliyonipa. Unataka kila neno la Kiingereza la mapumziko lililo kwenye kadi niliwekee Kicheki chake pembeni, wageni wenu wa kutoka huku wasome kwa lugha yao. Mengi ni mepesi. Kupumzika ni "odpočinek", utulivu ni "klid", kiti cha kulalia kando ya bwawa ni "lehátko", mwavuli wake "slunečník". Hata "relax" yenyewe wameshaichukua, wanaisema kila siku, na "masáž" utaitambua bila mkalimani. Kochi wanaliita "gauč", nalo wamelitoa hukohuko kwa Waingereza.

Angalia hapo penye "comfort". Kiingereza kimelibebesha neno hilo mizigo miwili: godoro laini, na mkono wa mtu begani siku ya msiba. Kicheki hakichanganyi. Raha ya mwili ni "pohodlí", ya moyo uliovunjika ni "útěcha". Kwa hiyo usipitie Kiingereza kabisa, pitia kwetu: penye starehe weka la kwanza, penye faraja la pili. Vyumba vyenu vya "comfort" mkiviandika kwa la pili, mgeni atadhani ameletwa matangani. Na jambo jingine: kiti kikiwa cha starehe kisifie tu, lakini mtu usimwite "pohodlný". Hapo umemwambia mvivu, mpenda kuletewa.

Lile wanalolipenda kuliko yote halimo kwenye kadi yenu, nalo ni "pohoda". Zamani lilikuwa neno la hali ya hewa, anga likiwa safi na upepo umetulia. Mpaka leo kinyume chake, "nepohoda", ni mvua na dhoruba. Siku hizi ni hali ya mtu asiyekimbizwa na chochote. Ukimuuliza Mcheki habari za likizo akakujibu "pohoda", basi, amekwisha sema yote. Mkazo uweke mwanzo, PO-hoda. Kwao mkazo hukaa silabi ya kwanza daima, si kama sisi.

Kwenye "spa" nakuomba usitafsiri. Kamusi itakupa "lázně", na kwa Mcheki hilo ni jambo la daktari. Mtu mwenye magoti mabovu au tumbo lisilotulia anaandikiwa, bima ya afya inalipa, anakwenda wiki kadhaa kwenye mji wa chemchemi kama Karlovy Vary au Mariánské Lázně. Karlovy Vary nimefika. Chemchemi yao kubwa, Vřídlo, inarusha maji mpaka kama mita 12 juu, na yanatoka ardhini yakiwa na nyuzi joto 73 hivi. Watu wazima wanatembea polepole kwenye baraza ndefu za nguzo, kila mmoja na kikombe bapa cha kauri ambacho mpini wake una tundu: maji unayanyonya kupitia hapo. Yana chumvi na chuma, somo, na yana joto. Mimi mafunda mawili yalinitosha, nikakimbilia zile kaki nyembamba za mviringo wanazouza pembeni. Tangu 2021 mji huo na wenzake wawili wa huku wamo kwenye orodha ya UNESCO ya miji mikubwa ya chemchemi ya Ulaya. Sasa mgeni aliyepanda ndege kufuata pwani yenu, akisoma "lázně" kwenye kadi, atajiuliza daktari yuko wapi. Andika "wellness" tu. Hawana neno jingine la hivyo, na wote wanalielewa.

Ila ukitaka kuwajua watu hawa wakipumzika, hoteli haikuonyeshi. Twende kwenye "chata". Hiyo ch isome kama kh ya kheri. Ni kibanda cha mbao msituni au kando ya mto, na nyumba ya zamani ya kijijini wanaiita "chalupa". Mama mwenye nyumba yangu anayo chata karibu na bwawa la Brno, ng'ambo ya maji kidogo tu kutoka mjini, na majuzi alinichukua. Nilibeba kitabu. Tumefika Ijumaa jioni, kabla sijakaa nimepewa kandambili za mpira na ndoo. Maji ya kisimani, kuni za kupasua, majani ya kukata, matofaa yaliyoanguka ya kuokota kabla nyigu hawajayamaliza. Jumamosi alfajiri tukaingia msituni na vikapu kutafuta uyoga. Anainama, anaukata shina kwa kisu kidogo chenye brashi mwishoni, anaupangusa udongo, anaunusa, ndipo anauweka. Ule mwekundu wenye madoa meupe tuliupita bila kuugusa, una sumu. Tuliorudi nao alikaanga nusu na mayai na mbegu za kisibiti, nusu akaukata vipande vyembamba akauanika kwenye magazeti juu ya kabati, wa Krismasi.

Jumapili jioni, mgongo unaniuma kama niliyetoka kulima, ananiambia kwa kushusha pumzi: ah, nimepumzika hasa.

Na wala hatanii. Baada ya Wajerumani waliokuwa wakiishi mipakani kufukuzwa nchini mwaka 1945 na 1946, nyumba zao nyingi zilibaki tupu, watu wa mijini wakazichukua polepole kuwa za mapumziko. Kisha vifaru vya Wasovieti na washirika wao vilipoingia 1968 na mipaka ikabanwa, wengi walielekeza nguvu zao kwenye vibanda hivi. Kazini unasema unachotakiwa kusema, Ijumaa mchana unafunga ofisi unakwenda kupigilia misumari yako mwenyewe, hakuna wa kukuuliza. Mimi naona mapumziko yao bado yana harufu ya enzi hiyo: kustarehe ni kuachwa. Kuhudumiwa sana kunawachosha.

Kwa hiyo, ushauri wa kazi. Mgeni Mcheki akiwa kwenye lehátko usimwendee kila dakika kumuuliza kama anataka kitu. Mwonyeshe mara moja vilipo vinywaji na taulo, umwambie "udělejte si pohodlí", yaani jistareheshe, halafu mwache. Kunyamaza kwake si kukasirika. Muziki wa bwawani ukifika saa nne usiku upunguzeni. Kwao kuanzia saa hiyo mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni "noční klid", utulivu wa usiku, na sheria inautambua. Jirani anaweza kukuitia polisi kwa redio ya kelele baada ya saa hiyo.

Ukitaka kuwachekesha, wafundishe "mguu pande". Nao amri ya paredi ni hiyohiyo, "pohov!", na mtu anayejilaza baada ya kazi wanasema amejipa pohov. Nimewaeleza wenzangu darasani kwamba sisi shuleni tulisimamishwa juani kwa mguu sawa na mguu pande, wakacheka sana.

Orodha kamili nimekuandikia kwenye karatasi ya pili, na matamshi yake kwa herufi zetu. Kabla kadi haijatiwa plastiki, nipigie picha niipitie. Zile alama za juu ya herufi wachapaji huzidondosha, na meneja wako akisema hazina maana, mwambie asubiri jibu langu kwanza.

Wasalaam,
Somo yako