Barua kwa mwanangu: mbwa wako na zabibu za Hombolo

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako tumeipata, na habari kwamba umepata nafasi ya masomo ya miaka 2 huko Ankara, Uturuki, imeshafika kwa majirani wote, kwa sababu mama yako hakuweza kuizuia. Hongera sana, mama. Ombi lako la kutuachia mbwa wako tumelijadili, na jibu ni kwamba tutampokea. Lakini lipo jambo moja linaloninyima usingizi, nalo ni zabibu tunazolima huku Hombolo, Dodoma.

Zabibu ni sumu kwa mbwa. Sisemi dawa tunazopuliza shambani wala mbegu peke yake; nasema tunda lenyewe, na zabibu kavu ni mbaya zaidi, kwa kuwa maji yakishakauka sumu hubaki imejikusanya ndani ya punje ndogo. Katika miaka ya karibuni wataalamu wameelekeza shaka yao kwenye asidi ya tatariki, ambayo kiwango chake hakilingani katika kila zabibu, na ndiyo maana hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba punje chache hazina neno. Mbwa aliyedhurika hutapika ndani ya saa chache, hulegea, hukataa chakula, na katika siku 1 hadi 3 figo zake zinaweza kushindwa kazi. Majirani watasema mbwa wao huokota zabibu kila msimu na bado wanabweka. Ni kweli, wapo wasiodhurika, lakini wale ni mbwa wa kilo 20, na wako, kwa maandishi yako mwenyewe, ana kilo 3 na nusu.

Ungeniuliza kabla ya kumnunua, ningekueleza mengine pia. Huyo ni chotara wa aina mbili za mbwa, Maltese na Poodle, na chotara hana umbo la kuahidiwa: hata watoto wa tumbo moja hutofautiana kwa ukubwa na kwa manyoya, kwa hiyo aliyekuambia kwamba hatakua zaidi ya hapo amekuambia asilolijua. Mbwa wa namna hii anaweza kuishi miaka 12 hadi 15, na masomo yako ni ya miaka 2 tu. Hesabu hiyo uifanye mapema. Manyoya yake hayapukutiki sana, bali hukua bila kukoma, na yasipochanwa kila siku hujisokota nyuma ya masikio, kwapani na chini ya mkanda wa kifuani mpaka yanavuta ngozi. Huku kwetu utaongeza vumbi la kiangazi na mbigili. Mwiba wa mbigili ukiingia kati ya vidole vyake hutauona kwa macho. Ni lazima utenganishe manyoya kwa kidole, kimoja baada ya kingine, kila jioni. Nimeona katika picha jinsi ulivyomchana na kumpunguza manyoya karibu na macho, na nilifurahi, maana ni kazi ya mtu mwenye subira. Usimnyoe mpaka ngozini kwa ajili ya joto. Jua la Dodoma litamuunguza.

Magoti yake uyaangalie. Mbwa wadogo wengi, kile kifupa cha mbele ya goti huwateleza, ndiyo wanaonekana wakirukaruka kwa miguu mitatu. Meno nayo apigwe mswaki, na umwombe daktari aangalie kama meno ya utoto yameng'oka yote.

Narudi kwenye zabibu. Utamleta Agosti, wakati tunavuna, na uani kutakuwa na matenga, punje zilizodondoka na watoto wa dada yako ambao hutoka shambani na mifuko imejaa na hupenda kulisha kila chenye mdomo. Nimefanya kazi ya uafisa mifugo maisha yangu yote, na mikono hii imewahudumia ng'ombe na mbuzi wasio na idadi, lakini kumtundikia dripu mbwa wa kilo 3 katikati ya usiku si jambo ninalotaka kulijaribu huku, mbali na zahanati ya wanyama ya mjini. Akila, tiba ni kuwahi, daktari amtapishe kabla sumu haijaingia mwilini. Kwa hiyo, katika wiki zilizobaki, mfundishe amri moja tu, "acha," mpaka awe anatema kitu kilichokwisha kuingia mdomoni. Mfundishe kwa Kiswahili, kwa maana mama yako hatamwita kwa Kiingereza.

Njoo na kadi yake ya chanjo, ya kichaa cha mbwa hasa, iwe haijapita mwaka, pamoja na dawa ya kupe. Mimi nitazungushia waya sehemu ya baraza, na fundi ameshakuja kupima. Fedha uliyotuma ya tangi la maji inatosha, na kitakachobaki kitanunua waya huo. Mama yako anauliza kama utapita Kibaigwa mchana, umchukulie gunia la mahindi.

Jambo moja ulifanye mwenyewe kwa simu kabla hujafika: mweleze mama yako azihamishe chanja anazoanikia zabibu pale barazani, azipandishe juu ya bati. Mimi nikimwambia anaona namwingilia kazi yake.

Ni mimi baba yako.