Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Baraza Kivuli la Umoja wa Mataifa, Kigoma

Ndugu wanachama, walimu walezi na wazazi mliofika,

Wengi wenu mliniuliza kwa nini safari hii tulitumia siku nzima ya kwanza ya kikao cha vijana kufundisha historia, wakati vijana walikuja na hamu ya mjadala. Niliyeshikilia hivyo ni mimi, na sababu yake naomba iingie kwenye kumbukumbu.

Vijana wetu wanadhani Baraza Kivuli, yaani maigizo ambamo wanafunzi wanakaa kama wajumbe wa nchi na kujadili, lilibuniwa na Umoja wa Mataifa. Kiumri, maigizo haya yanauzidi Umoja wenyewe. Mwaka 1927 wanafunzi wa vyuo vya Marekani, wa Harvard wakiwemo, walikaa wakaigiza vikao vya Ligi ya Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa, ingawa nchi yao haikuwa mwanachama wa Ligi hiyo. Umoja wa Mataifa ulipoundwa mwaka 1945, waigizaji walihamia huko.

Sasa jiulizeni: mwaka 1927 Kigoma ilikuwa wapi? Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Mwingereza kwa idhini ya Ligi. Jirani zetu wa Ruanda-Urundi walikuwa chini ya Mbelgiji kwa utaratibu huo huo. Hata bandarini hapa kwetu, katika mji ambao Wabelgiji waliuteka mwaka 1916, Wabelgiji hao walibakiziwa sehemu yao kwa mkataba wa 1921, kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka. Babu zetu walikuwa ajenda ya kikao. Kiti hawakuwa nacho. Ndiyo maana niliwasimulia vijana habari za Machi 1955, pale Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora, alipoisemea Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini, chombo cha Umoja wa Mataifa kilichosimamia nchi kama yetu, kule New York. Kiti tulikipata tarehe 14 Desemba 1961, na mwaka 1979 Salim Ahmed Salim akachaguliwa Rais wa Baraza Kuu. Kijana akiyajua haya, hainui kibao cha nchi anayoiwakilisha kama anayecheza.

Mada kuu ilikuwa Ziwa Tanganyika. Nchi 4 zinalimiliki kwa pamoja, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, na mkataba wa kulitunza zilitia saini Dar es Salaam mwaka 2003. Vijana walijadili kufungwa kwa uvuvi kwa miezi 3, jambo lililotugusa wote mwaka 2024.

Binti mmoja wa kidato cha tatu alipangiwa kuiwakilisha Burundi. Mama yake anaanika dagaa Kibirizi. Kibao chake alikikata kwenye boksi la sabuni, herufi za wino wa bluu zikiwa zimemchafua vidole. Aliposimama alianza kumsemea mama yake: jiko linawashwa na nini miezi mitatu? Mwenyekiti wa kamati, naye mwanafunzi, akamkumbusha kwa upole kwamba pale yeye ni mjumbe wa Burundi. Alinyamaza kidogo, akaomba dakika 5, akaenda kukaa na mjumbe wa Zambia. Aliporudi alileta kifungu kinachotaka wachuuzi na waanikaji nao wahesabiwe katika fidia, si wenye mitumbwi peke yao. Azimio lilipita nacho. Mimi nilitoka nje kidogo, maana machozi yalikuwa karibu.

Kifungu kile alikiandika kwa Kiswahili. Kamati yenu iliruhusu lugha zote mbili, na najua wapo wanachama waliopinga wakisema vijana watashindwa mashindano ya nje. Hofu yao naielewa. Lakini mabinti wengi waliokaa kimya mwaka jana, mwaka huu wamezungumza, na nitaomba uamuzi huu uendelee.

Ukumbi tuliokuwa tumeulipia ulipewa watu wengine siku 2 kabla, na fedha zetu hadi leo hazijarudi zote. Tulifanyia vikao chini ya miembe, shuleni. Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu. Deni lipo, si kubwa, ila ni deni la turubai na linadaiwa na jirani.

Mwakani kamati inapendekeza mada ya wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu ipo Kasulu tangu 1996, na tungependa vijana wanaosoma ndani ya kambi waje kama wajumbe kamili. Vibali vinachukua muda, kwa hiyo barua ziandikwe mwezi huu.

Vibao 11 vya nchi havijarudishwa. Walimu walezi, tafadhali vikabidhiwe kwa katibu kabla hatujatawanyika leo.